Kikapu Kilichobaki Mlangoni: Maisha ya Juliana Sekela binti Yotamu

Baba Padri, Mwalimu Bartholomeo katekista wetu, wazee wa Kihesa, majirani, nanyi mliotoka Mbeya, kabla hatujamnyanyua marehemu kwenda kanisani familia imeomba maisha yake yasomwe hapa uwanjani, yasomwe kama yalivyokuwa, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kitu kisomwe harakaharaka.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1919 huko Rungwe, karibu na Tukuyu, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Yotamu, mkulima na mzee wa kanisa la Moraviani, akaitwa Sekela, na dada yake Atuganile, aliyemtangulia kwa miaka saba, ndiye aliyembeba mgongoni wakati mama yao yuko shambani. Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1928 hadi 1931, akajua kusoma kwa Kinyakyusa, Kiswahili kikaja baadaye na kwa shida, hata ukubwani alisoma kidole kikiwa chini ya neno na midomo ikicheza.

Tarehe 20 Julai 1940 aliolewa na Edmund, fundi seremala, Mhehe na Mkatoliki, aliyekuwa amekwenda Tukuyu kupaua nyumba, akamfuata huku Kihesa, wakajaliwa watoto watatu, Tusajigwe mwaka 1942, Marta mwaka 1945, na Yotamu mwaka 1948, aliyefariki kwa surua Agosti 1952. Tangu mwaka 1946 alikuwa mpishi wa shule ya misheni, kazi aliyoifanya mpaka mwezi uliopita, na wenzake wa jikoni ni mashahidi kwamba hakuwa mpole, aliyechelewesha kuni aliambiwa palepale, mbele ya watu.

Kifo cha mtoto ndicho kilichomwingiza katika mafundisho, maana wanawake wa parokia walilala naye matangani bila kumuuliza dini yake, basi Januari 1953 akaenda kwa Mwalimu Bartholomeo, na ingawa alilelewa katika nyumba ya Maandiko alisema anaanza upya kama mtoto. Mwalimu aliwafundisha wanaoanza njia nyepesi, kwamba Jumamosi jioni mtu achukue kipande kifupi cha Injili, akisome mara mbili au tatu, anyamaze, ajiulize Bwana ananiambia nini mimi, halafu amjibu kwa maneno yake mwenyewe, si ya kukariri. Wengine walijibu kwa sala, Sekela alijibu kwa miguu, kwa kuwa alishika kwamba neno likishasomwa ni agizo, na mtu hana ruhusa ya kuendelea mbele kabla hajalitimiza. Alipofika penye habari za mwenye nguo mbili, alichukua blanketi moja kati ya mawili ya nyumba ile, akampelekea jirani yake Mwislamu, Waridi, mke wa dereva Makame, ambao walikuwa wametoka pwani hawaijui baridi yetu, na Edmund alipouliza sasa wao watajifunika nini, alijibiwa, "Jifunike huo ubishi wako." Mwalimu alimcheka, "Mama Tusajigwe, kwa mwendo huu utafika kwenye Ufufuko una mvi," naye akasema, "Baba yangu akinituma maji, sikukaa kungoja anitume na kuni."

Februari 1954 mama yao alifariki Mbeya, nyumbani kwa Atuganile, mvua zikiwa zimekata barabara, Sekela akafika maziko yamekwisha. Atuganile, ambaye hakupendezwa na habari za mdogo wake kwenda kwa Waroma, alimwambia mbele ya waombolezaji, "Waroma wamekuchelewesha, basi Waroma wakulishe," na yeye kwa hasira akaapa kwamba hatakanyaga tena nyumba ile mpaka Atuganile atolewe humo amebebwa. Hawakusalimiana tena. Tarehe 9 Aprili 1955, Jumamosi Kuu, alipokelewa katika Kanisa Katoliki kwa jina la Juliana, hakuna mtu wa kwao aliyekuja.

Mwaka huu alianza Injili ya Mathayo, na jioni ya Jumamosi tarehe 13 Julai, kesho yake ikiwa Jumapili ya kutoa mavuno, akakuta pale panaposema anayepeleka sadaka akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache kwanza, aende wakapatane. Asubuhi alikwenda na kikapu chake cha maharagwe, akakiweka mlangoni mwa kanisa, akageuka, Edmund akimfuata nyuma, "Maharagwe yamekukosea nini, si uyaingize kwanza?" lakini kesho yake alikuwa juu ya lori la Makame kuelekea Mbeya, na blanketi lililobaki alimwachia Marta. Lori likaharibika njiani, Nyololo, wakakaa pale siku mbili katika ukungu na manyunyu, yeye juu ya magunia na kanga yake, akafika Mbeya anakohoa.

Atuganile alifungua mlango kiasi cha uso. Alisema, "Uliapa mpaka nitolewe nimebebwa, mimi mzima bado, rudi ulikotoka." Marehemu alijibu kwamba hatakanyaga, ataomba radhi akiwa palepale nje, akapiga magoti kwenye udongo, na mlango ukafungwa.

Alirudi hajiwezi, tarehe 25 Julai akalazwa hospitali, ikaonekana ni nimonia ya mapafu yote mawili. Waridi alilirudisha lile blanketi alilopewa, likamfunika mpaka mwisho. Kila jioni alisoma kipande kilekile, hakufungua mbele, na Mwalimu alipomsihi akubali kikapu kiingizwe, akimwambia, "Ulikwenda, Mama, yaliyobaki si yako," alijibu, "Nimetumwa kupatana, sikutumwa kujaribu." Alifariki alfajiri ya Ijumaa tarehe 9 Agosti 1957, akiwa na miaka thelathini na minane, kikapu kikiwa bado mlangoni mwa kanisa.

Atuganile alifika jana. Hakusema neno la kuomba wala la kusamehe, na sisi hatukumdai, alimwosha mdogo wake, na leo asubuhi akaenda kwa Mwalimu kuuliza kikapu kiko wapi, akaketi pale kwenye uzio, akachambua maharagwe yaliyobunguliwa na wadudu, akayatupa, mazima yakabaki kama robo. Ameomba akibebe yeye, aingie nacho mbele ya jeneza, yeye ambaye hajawahi kukanyaga kanisa la Waroma. Hatujui kama huko ni kupatana, aliyetumwa hawezi tena kutueleza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomchoma sindano usiku na mchana, wapishi wenzake waliofanya zamu zake bila kunung'unika, Makame aliyekataa nauli, Waridi, Mwalimu Bartholomeo, wanawake wa parokia, na majirani wote mliotuletea kuni, unga na maji.

Sekela wa Yotamu, Juliana wetu, leo ni wewe unayetolewa umebebwa, na dada yako ametangulia na kikapu, kinaingia. Pumzika kwa amani.