Mbeyu Chengo na Maji ya Makupa

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Makupa na nyote mliofika, mimi ni Kazungu, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Mirriam Mbeyu Chengo alizaliwa Kaloleni tarehe 11 Machi 1948, akasoma shule ya msingi huko huko, kisha sekondari hapa Mombasa hadi 1966, na mwaka 1968 akaajiriwa kuchora ramani katika ofisi ya Bwana Jamaldin, Kibokoni, mwanamke pekee kati ya wanaume saba. Tarehe 5 Agosti 1972 alifunga ndoa na Bwana Kingi Mung'aro, fundi wa bandarini, na Mungu akawajalia Everlyne mwaka 1974 na Shukri mwaka 1977.

Mwenyewe aliniagiza nisiliruke jambo hili. Mwaka 1992 alichora mtaa wa nyumba arobaini karibu na Makupa, na ili magari yafike milangoni, mchoro wake ulikata miti, ukafukia kisima na kutandaza saruji ukuta hadi ukuta. Mvua za Mei 1994 zilikosa pa kwenda, zikaingia majumbani, na ukuta wa Bi Mwanaesha ukaanguka na kumvunja mguu mumewe, Mzee Fahmi. Watu waliilaumu mvua, wala hakuna aliyemtaja mchoraji, lakini dada yangu hakula vizuri wiki nzima, kisha akaenda nyumba kwa nyumba, na kwa Bi Mwanaesha akasema, "Mama, kosa ni langu mimi niliyechora, si la mvua."

Bi Mwanaesha akamjibu, "Basi njoo ukae nasi mvua ijayo, uyaone maji yapitapo."

Akaenda. Masika ya 1995 alishinda kwenye baraza ya Bi Mwanaesha, viatu mkononi, akitia alama za chokaa kila maji yalipokata kona, na siku za jua alizunguka vichochoro vya mtaa wa kale wa Kuze kuuliza wazee jinsi vivuli na visima vilivyopangwa tangu zamani. Mchoro mpya ulibomoa saruji, ukapanga mawe yenye mchanga katikati ili ardhi inywe, ukafukua kisima, ukapanda miarobaini, na magari yakabaki barabarani, jambo lililowaudhi wenye magari, nao walimwambia hivyo waziwazi. Wakazi waliimaliza kazi kwa mikono yao Desemba 1996.

Februari 1997 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Zilipokuja zile mvua kubwa za Oktoba, alikuwa hawezi kuinuka, na kila tulipomuuliza kuhusu maumivu, yeye alituuliza kuhusu Makupa. Siku ya nne asubuhi Bi Mwanaesha alikuja kwa miguu, akaketi kitandani, akasema, "Maji yamekwenda zake, mwanangu, hayakubisha hodi kwa mtu."

Dada yangu alilia, akaomba uji, akaumaliza, na tangu siku hiyo hadi alipofariki nyumbani tarehe 14 Januari 1998, akiwa na miaka arobaini na tisa, hatukumwona tena na wasiwasi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, Bwana Jamaldin na wafanyakazi wenzake, na majirani wa Makupa, Waislamu kwa Wakristo, mliomsamehe angali hai akasikia.

Tunalia, lakini mioyo yetu imetulia. Nenda ukapumzike kwa amani, dada.