Kadhi wa Nyumbani

Mwaka wa hamsini na nne, ndani ya gari la mbao litokalo Jambiani, Bi Mwanakheir alikaa nyuma ya wanaume wawili, akawasikia bila kutaka. Msabah, mwenye kuku kikapuni, alikuwa akimweleza mzee wa kofia iliyodariziwa viua kwamba anakwenda chuo cha sheria mjini kumwombea mwanawe nafasi, aje awe kadhi.

"Kazi nzuri," alisema mzee. "Mie kaka yangu kadhi. Mshahara anao, heshima anayo. Ila pilau ya watu haili, asije akaambiwa kahongwa."

Msabah akakifunika kikapu. "Na ale kwao. Mie nnataka anikatie shauri langu la minazi. Ndugu yangu kanidhulumu mirathi."

Mzee akamtazama kwa huruma. "Kadhi hamwamulii babake, sheikh. Shauri langu mie, kaka alilipeleka kwa kadhi mwengine."

"Ukashinda?"

"Nikashindwa. Siku ya Idi kaka akanialika, nikenda nikala."

Walipopita Mwanakwerekwe, Msabah akamgeukia. "Sasa mwanangu nnamsomeshea nani?"

"Pengine baba wa mwengine, naye kadhulumiwa."

Gari liliposimama Darajani, mzee aliteremka kwanza, akakipokea kikapu kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto. Bi Mwanakheir aliupenda upokezi ule.

"Chuo upande huu, gari la kurudi upande ule," mzee alisema taratibu. "Nikuchukulie kikapu upande upi?"

Msabah alikuwa bado kakaa garini, akitazama upande huu na ule.