Eunice Mbinya, Aliyekataa Kutia Sahihi

Marehemu Eunice Mbinya Nthiwa alizaliwa tarehe 9 Mei 1964 huko Majimboni, Shimba Hills, mtoto wa tatu wa Mzee Nthiwa na Mama Syovata. Shule ya msingi alisoma hapo hapo, sekondari Kwale, na mwaka 1986 akapata stashahada ya takwimu Mombasa. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Sisi nduguze tulimkoma.

Mwaka 1990 alifunga ndoa kanisani Ukunda na Mwalimu Randu wa Tiwi. Siku ya posa aliwauliza wakwe maswali mengi kuliko waliyomwuliza yeye, na bado wakamtaka.

Kwa miaka thelathini alizunguka na dodoso kutoka Diani hadi Lunga Lunga. Mwaka 2021 alisimamia wadadisi wa utafiti mmoja uliolinganisha pengo la kipato kati ya tajiri na maskini huku kwetu na ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Ripoti ikasema pengo la kwetu ni kubwa mara mbili. Mbinya akashtuka, maana katika madodoso yake alimkuta mkulima mmoja, Mzee Matano, kaandikwa pande zote mbili. Mzee ana wake wawili, mmoja Lunga Lunga huku kwetu, mmoja Horohoro ng'ambo, na wote anawalisha muhogo wa shamba lile lile. Kwetu watu waliulizwa fedha walizopokea; yeye hakupokea kitu, akaandikwa fukara. Ng'ambo waliulizwa walichokula na kutumia, akaandikwa mtu wa kadiri.

Mkuu wa mradi akamtaka aitie ripoti sahihi. Akamjibu, "Huku mmepima kwa kibaba, kule kwa mizani, halafu mnasema nani kazidi? Ulizeni swali moja pande zote, nitatia sahihi leo leo." Akaachishwa kazi. Miezi kumi na minne aliuza mahamri Ukunda, akiwaandikia wakuu wa mradi barua kila wiki, na wala hakuona haya. Mwaka 2023 wakamwita wenyewe. Nyumba zote zikaulizwa upya, swali moja, na mapengo yale yakatoka karibu sawa.

Januari 2025 figo zilianza kumsumbua. Ripoti mpya ilimkuta kitandani Msambweni, jina lake likiwa ukurasa wa kwanza, akacheka hadi muuguzi akaja kuona kuna nini. Alitutoka tarehe 6 Juni 2025.

Ameacha mumewe, Mwalimu Randu, watoto wawili, Dama na Mwero, mjukuu mmoja, na mimi mdogo wake, Kisilu. Ndimi niliyekwenda kumsihi atie sahihi tu, yaishe. Alinitazama, akaniambia nirudi nyumbani nikale. Leo nakiri mbele yenu nyote kwamba nilikosea. Lala kwa amani, dada. Umewashinda, na mimi nimo.