Mwenye Pete Jichoni

Ndugu, jamaa na majirani, kaeni vizuri, na ninyi wa nyuma acheni kunong'ona, umbea wote wa msiba huu ninao mimi, dada yake mkubwa, na leo nausoma hadharani.

Mdogo wangu, ambaye mlimwita Shii kwa kuwa alimnyamazisha kila mtu, alizaliwa tarehe 9 Februari 1961, nyumba ya nyuma ya kiwanda cha mbao, akamaliza darasa la saba mwaka 1975, akafungua studio ya picha za paspoti, na tarehe 3 Mei 1986 akamwoa fundi cherehani wa mlango wa pili, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2014 alimwona msituni ndege wa kijani, mdogo kama limau, mwenye pete nyeupe jichoni, mtaalamu wa ndege akamwambia, mzee, huyo ni shore wa kawaida, pete umeiota, lete picha, basi kila alfajiri akawa anatoroka kitandani, hadi wifi yangu akamsikia kwenye simu akisema, "Leo nimemkosa mwenye pete, kesho simwachi," akajua ni mke wa mtu, akaja kwangu analia, nami, Mungu anisamehe, nikatangaza mtaa mzima kabla chai haijapoa.

Kesho yake wifi akamfuata na mwiko mkononi, akamkuta kalala kifudifudi kwenye majani, peke yake, kidole mdomoni, "Shii!"

Machi 2021 mapafu yakaanza kumsumbua, na kila ndege alipokaribia, kikohozi kikamfukuza, daktari akasema msitu basi, wifi akaomba siku moja tu. Tarehe 14 Juni mwaka huu akampeleka, ndege akatua hatua nne mbele yao, kifua kikawaka, Shii akauma leso, machozi yakamjaa, kamera ikatetemeka, wifi akamkaza mabega, ndege kampa mgongo, hageuki, hageuki, mara akageuka, jicho hilo, akabofya, ndipo akakohoa hadi wifi akatupigia simu tukamtafutia gari.

Alifariki tarehe 2 Julai, saa nne asubuhi, wifi akiwa ameshamsomea mara tatu jibu la mtaalamu: "Mzee, nisamehe, pete ipo."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani mliobeba maji na viti, na wapiga picha wenzake mliofunga studio zenu leo.

Pumzika kwa amani, Shii, na sasa kohoa utakavyo, picha tunayo.