Moshi wa Kigwena

Tulitoka Rumonge kwa gari la abiria asubuhi, baada ya wanajeshi kufungua barabara. Kiti cha mbele yangu, Benita, muuza buleti, yaani vidonge vya nyama ya kusaga, alipakata beseni lake na kumhubiria mama asiyemjua.

"Hizi nyama zimeshaiva, mama. Risasi zikilia, unabeba, unakimbia, unakula mu pori. Hakuna kuwasha moto."

Mama alikuwa na nyama mbichi ndani ya jani la mgomba. "Zako iko baridi, binti yangu. Mimi nitakaanga mwenyewe, na mawese."

Nilidhani ni ubishi wa jikoni. Mimi nimeoa, huo naujua.

"Na moshi, mama? Wenye bunduki wataona!"

"Wataona. Na bwana yangu ataona. Tangu tulipotawanyika, iko mu pori ya Kigwena. Hizo buleti zako zitamwambia vipi kwamba nimerudi nyumbani?"

Benita alifunika beseni lake.

Gari lilisimama Kigwena, ukingoni mwa msitu. Mama alishuka, akajipapasa nguo, kisha akauliza dirishani, "Binti yangu, uko na kiberiti?"

Benita alikuwa nacho. Alikishika mkononi, akiutazama msitu.