Nilivyomdanganya Nesi Kuhusu Mguu Wangu

Nawasalimu nyote, ndugu na dada. Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kusimama mbele. Haya nimeyaandika kwa siku nyingi, mstari baada ya mstari, ili nisipate nafasi ya kunyamaza katikati. Kunyamaza ndiko kulikotaka kuniua. Sitataja jina la mtu wala la kampuni.

Nilikuja Dubai na cheti cha darasa la nane. Nikapata kazi ya kupanga mizigo kwenye ghala huko Al Qusais, na tulikuwa tunalala Muhaisnah, wanane chumba kimoja. Mwezi wa kwanza tu, mwenzetu wa kitanda cha juu alimwambia msimamizi kwamba mgongo unamuuma. Alisema asubuhi tukipanda basi, kama mtu anavyosema tu. Siku ya nne godoro lake lilikuwa limekunjwa na yeye yuko kwao. Hakuna aliyetueleza, lakini sote saba tulielewa. Kuanzia hapo ukiulizwa hali, jibu ni moja: "Hakuna shida, sir." Naona mnacheka. Mnalijua jibu hilo.

Mwaka wa pili nilianguka kutoka kwenye ngazi ya chuma, katoni begani. Paja la kulia likavunjika mahali pawili. Hospitali waliniwekea vyuma, kisha wakanihamishia kwenye kituo cha wagonjwa wa muda mrefu, mahali watu wanafundishwa upya kutembea na kushika kijiko. Msimamizi alikuja kuniona mara moja. Hakuketi.

"Unaumwa?"

"Hapana, sir."

"Utarudi lini?"

"Karibuni, inshallah."

"Yalla, fanya haraka," akasema, akaenda.

Basi nikaamua kupona haraka, kana kwamba kupona ni kazi ya kupakia lori.

Wiki chache baadaye kidonda kilifunga. Kwa nje kilikuwa kizuri, hata nesi alikisifu. Lakini ndani, karibu na mfupa, kulianza kuwaka. Kila asubuhi nesi aliniuliza maumivu ni ngapi, kutoka sifuri mpaka kumi. Nikamjibu, "Sifuri, sista." Homa ilipoanza nilijifunza saa zake za kupita. Alikuwa anapima kwa kile kipimo cha kuelekeza kwenye paji la uso, kwa hiyo nilijipangusa paji kwa taulo ya maji baridi kabla hajaingia. Nilijiona mjanja sana.

Ndugu zangu, wacha niwaambie jinsi nilivyokuwa. Kwenye vyuma vya mazoezi niliuma kola ya shati mpaka ikatoboka. Kisha nikaacha kwenda mazoezi, nikisema nina usingizi. Chakula kilirudi kama kilivyokuja. Mama akipiga simu nilizima kamera, nikamwambia niko kazini. Siku moja akaniuliza, "Mbona huko kazini kumenyamaza hivyo?" Nikamwambia ni saa ya mapumziko. Baada ya kukata simu niligeukia ukuta. Nilikuwa namwomba Mungu anichukue usingizini, na kila asubuhi nikimwona nesi mlangoni nilikuwa na hasira kwamba bado nipo. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Wa kitanda cha pili alikuwa mzee wa Kipakistani aliyepooza upande mmoja, na hatukuwa na lugha ya pamoja.

Kila Jumanne alikuja mama mmoja mtu mzima, wa familia ya Kizanzibari iliyokaa hapa miaka mingi, na paka mkubwa wa kijivu kwenye kikapu. Alikuwa anajitolea, halipwi kitu. Kazi yake ni kumpeleka paka kwa wagonjwa wamshike, wamkune, wapate kitu chenye joto kinachopumua. Paka alivaa kijikoti, na kwenye kijikoti kitambulisho chenye picha yake. Yule mzee alikuwa hatikisi kidole kwa daktari yeyote, lakini kwa paka vidole vilitembea.

Aliposikia mimi ni Mkenya alifurahi kupata wa kuongea naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu unamtaka, au unamwogopa? Mwone hivyo hivyo, kucha zimekatwa na kaoga kukushinda wewe."

Nikacheka. Nilikuwa nimesahau sauti yangu ya kucheka. Paka akapanda kitandani, akazunguka, akajilaza juu ya paja langu la kulia.

Mama aliniuliza, "Hakuumizi?" Nikasema hapana. Akauliza tena. Nikasema niko sawa. Jasho lilikuwa linanitoka masikioni. Mara ya tatu nikasema, "Hakuna shida, mama," na nilikuwa nimeushika mto mpaka vidole vimekufa ganzi. Alimnyanyua paka, akamrudisha kikapuni.

Jumanne iliyofuata aliingia, akanisalimia vizuri, akapita kitanda changu, akaenda kwa mzee. Ndugu zangu, nilishalala na njaa, nimelala na homa, lakini kikapu kile kupita kitanda changu kiliniuma kuliko vyote.

"Mama, nimekosa nini?"

"Hujanikosea. Ila paka simweki kwa mtu asiyeniambia kweli. Nitajuaje nimuondoe lini?"

Akavuta kiti.

"Nilikuwa na paka mwingine kabla ya huyu," akasema. "Mzuri zaidi, mpole, humsikii. Nikampeleka kupimwa kwa kazi hii. Wanamkandamiza kidogo, wanamvuta mkia, wanaangusha sufuria karibu naye. Yule akatulia tuli. Nikajua kapita. Wakamkataa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alivumilia. Walinambia anayevumilia kimya hafai. Siku moja atamng'ata mgonjwa, na hakuna atakayejua lilianzia wapi. Huyu alipovutwa mkia alilalamika, akaondoka zake. Huyu ndiye aliyepewa kazi."

Nilimtazama yule paka na kitambulisho chake. Nilikuwa nimeishi karibu miaka miwili nikiamini kwamba anayelalamika ndiye anayeondolewa.

"Mama, inauma."

"Wapi?"

"Ndani ya paja. Ni wiki tatu sasa. Hata homa ninayo, huwa naificha."

Hakunigombeza. Alibonyeza kengele ya nesi, akanishika mkono mpaka nesi akaja. Nikaulizwa namba. Nikasema tisa. Nesi aliuliza mara mbili kama ameelewa, kisha akatoka akikimbia.

Jioni hiyo hiyo nilirudishwa hospitali. Mfupa ulikuwa umeshika usaha. Walinipasua mara mbili. Daktari aliniambia kwamba ningekaa siku chache zaidi angekata mguu, au angechelewa hata kuukata.

Sitawadanganya kwamba nilichoogopa hakikutokea. Kilitokea. Ghalani sikurudi, na viza yangu ilifutwa. Nililia. Lakini nililia nikiwa nimekula, na mama yangu alikuwa ananiona kwenye kamera, kwa sababu nilikuwa nimemwambia yote.

Namshukuru yule mama. Namshukuru nesi, ambaye nilimwomba msamaha akaniambia nisirudie. Na mmoja wenu aliyeketi hapa alinipeleka kwa arbab wake, mwajiri wake, ambaye alinitolea viza mpya, nami leo nakunja mashuka kwenye dobi. Anajijua. Mungu amlipe.

Nina jambo moja tu la kuwaachia. Najua humu ndani kuna mtu anayejibu "hakuna shida" huku ameuma kola. Kwa msimamizi jibu utakavyoweza, sikuhukumu. Lakini tafuta hata mtu mmoja umwambie namba ya kweli, na umwambie leo.

Nilikuwa na ukurasa mwingine wa kusoma. Lakini nimesimama muda mrefu na mguu unauma, kama sita hivi. Naomba mtu anisogezee kiti.