Dada Vipandikizi na Mwaridi wa Mwalimu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo, ambaye wodi zote zinamwita Dada Vipandikizi, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuinua, kunyoosha na kubembeleza wagonjwa wa hospitali hii.

Jina hilo alilipata kihalali. Hapiti penye ua linalochungulia ukutani bila kubisha hodi. Ataomba kuingia, atasifia, na akitoka mkoba wake una kipandikizi, tawi la kwenda kupanda kwake, lililofungwa kwenye gazeti lililoloweshwa. Jumatatu, wakati wa chai, sisi tukibishana kuhusu mpira, yeye hutupa habari za bustani: bogenvilia ikinyimwa maji ndiyo huchachamaa kwa rangi, asumini haina haraka, husubiri jua lizame ndipo inukie, mvua za kwanza zimeamsha magugu kabla ya mbegu, kama kawaida yake. Dirisha la chumba cha mazoezi lilijaa makopo yake mpaka mkuu wa idara akauliza kama tunatibu watu au miche. "Vyote," alijibu, akaendelea kumwagilia.

Lakini kisa tunachowasimulia wafanyakazi wapya ni cha mwalimu mstaafu wa hesabu aliyeletwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umepooza. Kuongea angeweza, daktari alisema, ila mwenyewe hakutaka. Aligeukia ukuta, akagomea mazoezi. Bintiye alikaa kando ya kitanda akifuta machozi kwa kiganja. Dada alimuuliza jambo moja tu: baba anapenda nini? Mwaridi wake, binti akasema, na tangu augue hakuna aliyeugusa.

Jumamosi, kwa ruhusa ya binti, Dada alikwenda nyumbani kwao kuuona. Kilikuwa kiangazi kikali. Aliukuta umenyong'onyea, majani yamejikunja. Akaumwagilia, akakata matawi makavu na, kwa huruma iliyopitiliza, mengine mabichi. Jumatatu alimweleza mgonjwa yote hayo huku akimnyoosha vidole.

Mwalimu akageuka. "Umekata kiangazi hiki? Nani kakutuma?"

Binti aliangusha kikombe. Dada hakujitetea. "Nimekosea, Mwalimu. Nifundishe." Akamwekea mkasi katika mkono ule uliopooza. Ukaanguka. Akauokota, ukaanguka tena. Alasiri nzima tulisikia mkasi ukigonga sakafu na mwalimu akifoka, na sisi tumesimama koridoni tunacheka na kulia kwa pamoja.

Mvua zilipoanza, mwalimu alikuwa kwake, anatembea kwa mkongojo. Aliupogoa mwaridi mwenyewe, Dada akimshikia matawi. Mkono haukurudi wote, uliorudi ulitosha. Mwaridi nao ulichukua muda kumsamehe Dada, lakini ulichanua.

Dada yetu, asante. Kwako tumejifunza kumuuliza mgonjwa anachokipenda kabla ya kumuuliza panapouma, na hilo hatukulisoma chuoni. Tunajua mgongo wako umechoka kwa kubeba watu wazima, na hukuwahi kulalamika mbele yao. Sasa wajukuu wanakugombania, na wiki nzima ni yako.

Tunakutakia magoti yasiyosumbua, mvua za kiasi na majirani wakarimu. Uishi vyema, dada, na kila utakapoketi kupumzika, pawe na kivuli na mtu wa kupiga naye soga.